Ndai Yako Inaweza Kuwa na Siri: Hivi Ndivyo Kill Switch Humwacha Mwizi Akikodolea Dashibodi Macho

Tuanze na ukweli mchungu, msee wangu. Ufunguo wa ndai yako haumtishi mwizi wa kazi. Alamu pia haimtishi, juu mtaani alamu zikilia usiku watu hujifunika blanketi na kulaani mwenye gari. Kitu pekee mwizi wa magari anaogopa ni dakika. Kila dakika anayokaa ndani ya gari isiyo yake, dirisha likiwa limevunjwa na mkono ukitetemeka, ni dakika ambayo watchman anaweza kuamka, mbwa anaweza kubweka, ama karao wa doria wanaweza kupita na Land Cruiser.

Sasa hapo ndipo kill switch inaingia. Mafundi wengine huiita katauti, wengine swichi ya siri. Ni swichi ndogo, imefichwa mahali wewe tu unajua, na inakata waya moja muhimu. Ikiwa imezimwa, gari haiwaki. Mwizi anaweza kuwa na ufunguo, anaweza kuwa fundi hodari, lakini anakaa hapo akiuliza gari maswali nayo haimjibu.

Na kabla useme "mimi si tajiri, nani ataiba Vitz yangu?", jua kwamba mwizi haangalii utajiri wako. Anaangalia soko. Probox, Vitz, Fielder, Axio, Noah, hizo zote zina spea zinazotembea haraka. Gari inayojaa barabarani ndiyo rahisi kufichwa, na pia ndiyo rahisi kukatwakatwa na kuuzwa vipande.

Je, si gari zinakuja na ulinzi wake?

Zingine ndiyo, zingine zii. Ulinzi wenyewe unaitwa imobilaiza. Ndani ya ufunguo kuna chipu ndogo, na kompyuta ya gari inaisoma kabla ya kuruhusu injini iwake. Chipu isipotambulika, hakuna safari.

Uingereza walifanya hii kitu kuwa lazima kwa magari mapya kuanzia Oktoba 1998. Marekani hawakuwahi kuweka lazima hiyo, na walijuta. Kampuni za Kia na Hyundai ziliuza huko mamilioni ya magari bila imobilaiza. Kufikia 2022, vijana walikuwa wanarekodi video za TikTok wakionyesha vile wanayaiba bila ufunguo, ikageuka challenge. Februari 2023, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni hizo zitaweka programu mpya bure kwa magari takriban milioni 8.3. Kufikia wakati huo mamlaka hiyo ilikuwa imehusisha mchezo huo na ajali 14 na vifo 8. Yaani waya moja na chipu moja zingezuia hayo yote.

Huku kwetu, gari nyingi ni mitumba kutoka Japan, na sheria inaruhusu ziingie zikiwa na hadi miaka 8. Ongeza miaka ambayo imezunguka Kenya, unapata ndai za zamani kibao barabarani. Nyingi za bei nafuu, hasa zile za kazi, zina ufunguo wa chuma tu. Hazina chipu yoyote. Njia rahisi ya kuanza kujua: zima gari, toa ufunguo, angalia dashibodi. Ukiona taa ndogo nyekundu inapepesa, kuna uwezekano mkubwa uko na imobilaiza. Usipoona kitu, uliza fundi wa stima akuangalilie, usikisie.

Hata kama iko, usilale. Wezi wa siku hizi wana mashine za kuandikisha ufunguo mpya kwenye kompyuta ya gari. Swichi ya siri haiko kwenye kompyuta. Haina chipu wala sim kadi, haijui Bluetooth ni nini. Ni waya iliyokatika tu, na mashine haiwezi kuzungumza na waya iliyokatika.

Unakata wapi? Hapa ndipo mafundi hutofautiana

Gari ya petroli inahitaji vitu vitatu ili itembee: stata ya kuzungusha injini, cheche ya kuchoma, na mafuta. Kata kimoja tu, imeisha. Lakini kila chaguo lina tabia yake, kwa hivyo usikubali fundi akuchagulie bila kukuelezea.

1. Kukata stata. Ukigeuza ufunguo, kimya. Injini haizunguki. Uzuri wa hii njia ni usalama: hata swichi ikiharibika ukiwa katikati ya Thika Road, injini inaendelea kunguruma juu stata ilishamaliza kazi yake. Shida itakupata tu ukizima gari. Ubaya? Gari ya manual inaweza kusukumwa ikawaka. Lakini kama ndai yako ni otomatiki, na za wengi ni otomatiki, hakuna kusukuma. Kwa hivyo msee wa Vitz ama Fielder otomatiki, anza hapa.

2. Kukata pampu ya mafuta. Hii inachekesha kidogo. Gari inaweza kuwaka vizuri kabisa kwa sababu kuna mafuta yamebaki kwenye paipu, itembee kidogo, kisha inajifia. Mwizi anadhani ameuziwa uvumi kuhusu gari mbovu. Anaiacha katikati ya barabara na kuhepa. Inafaa sana kwa gari ya manual. Lakini skiza: swichi hii ikilegea ukiwa mwendo wa kasi, injini inazimika. Usukani unakuwa mzito na breki zinabaki na nguvu ya kukanyaga mara chache tu kabla zigeuke jiwe. Kwa hivyo kazi hii lazima iwe safi.

3. Kukata igniseni, yaani umeme unaoenda kwenye koili. Injini inazunguka na kuzunguka lakini haishiki. Ni njia ya zamani na inafanya kazi, ila hatari yake ukiwa barabarani ni ileile ya pampu, na kwenye gari za kisasa unaweza kuchanganya kompyuta na taa ya injini ikuwakie kila asubuhi.

4. Kukata betri. Unaona wasee wakifunga kile kitufe cha kijani cha kuzungusha juu ya betri. Ni bei rahisi, lakini mwizi akifungua boneti anakiona. Isitoshe, kila ukikata, redio na saa zinasahau kila kitu, na alamu yako nayo inakosa chakula. Kwa gari inayolala wiki nzima ni sawa. Kwa gari ya kila siku ni usumbufu.

Dizeli ni hadithi tofauti. Dizeli haina cheche. Injini nyingi za zamani zina solenoidi kwenye pampu ya dizeli, na ukikata umeme wake, mafuta yanakatika. Zile mpya zenye kompyuta zinahitaji fundi anayezijua.

Na kama unaendesha hybrid kama Aqua ama Prius, tafadhali usiruhusu fundi wa kando ya barabara ajaribu bahati. Hizo gari hazina stata ya kawaida, na zile kebo za rangi ya machungwa zinabeba umeme wa kuua mtu. Tafuta fundi wa hybrid, ama tumia kufuli ya usukani na traka.

Rilei ndiyo siri ya kazi safi

Kosa la kawaida ni fundi kuchukua swichi ya bei ya chai na kupitisha umeme wote wa pampu ama stata ndani yake. Swichi inapata moto, plastiki inayeyuka, na siku moja unanusa kitu kinaungua ukiwa kwa jam ya Mombasa Road. Kosa kubwa zaidi ni kugusa ile kebo nene ya stata yenyewe. Hiyo inavuta zaidi ya ampea 100 wakati wa kuwasha. Hapana, buda. Unakata ile waya nyembamba inayopeleka amri kwa stata.

Kazi safi hutumia rilei. Fikiria rilei kama makanga. Dere hawezi kuwa anatoka kwenye kiti kwenda kufungua mlango kila steji, kwa hivyo anapiga ishara ndogo na makanga anafanya kazi nzito. Swichi yako ya siri inapitisha umeme kidogo sana, chini ya ampea moja, wa kuamsha rilei. Rilei ndiyo inabeba mzigo.

Ukiangalia rilei ya gari utaona namba chini yake: 85 na 86 ni za kuamsha, 30 na 87 ni za kupitisha mzigo. Kuna zingine zenye mguu wa tano, 87a, ambao unaunganika rilei ikiwa imelala. Fundi akikuambia "hizo namba si muhimu", chukua funguo zako pole pole na uende kwa fundi mwingine.

Vitu vyenyewe si ghali. Rilei ya ampea 30 ama 40, soketi yake, fyuzi na kishikio chake, swichi, waya na mipira ya kuziba viungo, hivyo vyote unapata Kirinyaga Road kule Grogan ama kwa duka lolote la spea za stima. Unacholipia hasa ni mikono ya fundi. Usibanie hapo.

Siku ya kufunga: simama hapo ukiangalia

Usiache gari na kwenda kula nyama. Hii kazi unaisimamia mwanzo hadi mwisho, na hivi ndivyo inapaswa kwenda:

Kwanza, fundi atoe terminali ya negativu ya betri kabla ya kukata chochote. Anaweza kuirudisha wakati wa kupima tu.

Pili, atambue waya kwa kutumia mita ama taa ya kupimia. Kukisia kwa rangi haitoshi, juu rangi hubadilika kutoka modeli moja hadi nyingine. Waya zenye kifuniko cha manjano chini ya usukani ni za airbag mara nyingi. Hizo haziguswi kabisa.

Tatu, akate na kuunganisha kwa kuchomelea risasi, kisha avalishe mpira unaobana kwa joto. Kusokota waya na kuzungusha seloteipu nyeusi ni kazi ya jana. Barabara zetu zina mashimo, na kiungo kilichosokotwa hulegea.

Nne, waya mpya wa umeme upate fyuzi karibu na pale unapotoka. Ukisuguana na chuma, fyuzi inakufa badala ya gari kuchomeka.

Tano, waya zifuate njia ya zile za kiwanda na zifungwe teipu ya rangi ileile. Waya mpya nyekundu inayong'aa ni kama bango la kumwambia mwizi "pita hapa".

Sita, jaribu. Zima swichi, washa gari, iwe kimya. Washa swichi, gari iwake. Rudia mara kumi. Kisha ipeleke kwa barabara mbovu na urudi ujaribu tena.

Ufiche wapi?

Chini ya usukani, zii. Hapo ndipo mkono wa mwizi unaanza. Ndani ya dashibodi ya abiria, ni pa pili. Ndani ya kisanduku cha fyuzi, ni pa tatu.

Fikiria hivi: mahali pazuri ni pale unafikia ukiwa umekaa na mkanda umefunga, lakini mtu mwingine hana sababu ya kugusa. Chini ya zulia kando ya kiti. Nyuma ya plastiki ya katikati. Kuna gari zina nafasi za vitufe ambavyo havikuwekwa, na ukiweka kitufe kinachofanana na vile vya kiwanda, mwizi ataona kitufe cha taa za ukungu na kuachana nacho. Wakati mwingine kujificha ni kukaa mahali watu wanakuona.

Ukitaka kubamba zaidi, kuna swichi inayoamshwa na sumaku. Inakaa nyuma ya plastiki, hakuna kitufe, hakuna tundu. Wewe unaweka sumaku mahali fulani na gari inakubali. Kumbuka tu hizo swichi hubeba umeme kidogo sana, kwa hivyo lazima ziende kwa rilei.

Epuka sehemu tatu: karibu na pedali ambapo mguu unaweza kuigonga, mahali maji ya car wash hufika, na mahali mtoto wako anaweza kufikia akicheza.

Sasa swali gumu: fundi si amejua siri yako? Ndiyo. Hapa kuna ujanja. Mwambie afunge rilei na akuachie waya mbili ndefu za swichi. Hizo hubeba umeme kidogo tu. Swichi yenyewe ukaiweke mwenyewe kejani, mahali unapopenda. Fundi atajua iko, lakini hatajua iko wapi. Na ukipeleka gari car wash ama service, washa swichi kabla ufike, umpe mtu ufunguo kama kawaida. Usimwelekeze mtu kwa simu. Na tafadhali, usiipost.

Wasee wa nduthi, hii ni yenu pia

Boda ikiibiwa, mara nyingi si nduthi tu imeenda. Imeenda na unga wa jioni, na bado kuna ile pesa ya kulipa kila siku. Nduthi inaweza kuibiwa, lakini mkopo wake hauibiwi. Unabaki unalipia kitu ambacho mtu mwingine anaendesha.

Kile kitufe chekundu kwenye usukani si siri, kila mtu anakijua. Unahitaji kingine kilichofichwa, chini ya kiti ama nyuma ya kifuniko cha pembeni. Lakini pikipiki hazifanani. Kuna zile ambazo injini huzimika ukikata waya, na kuna zile ambazo huzimika ukiunganisha waya na bodi. Ukikosea, swichi haitafanya kitu ama utaunguza CDI. Fundi apime kwanza. Na tumia swichi isiyoingiza maji, juu mvua na matope ya huku haviombi ruhusa.

Halafu kumbuka nduthi inabebeka. Watu wawili na pickup, imeenda bila hata kuwaka. Kwa hivyo swichi bila mnyororo mnene kwenye kitu kisichosonga ni nusu ya kazi.

Mahali swichi haitakusaidia

Tusidanganyane. Swichi inazuia gari kuendeshwa. Haizuii breakdown kuivuta, wala haizuii mtu kung'oa side mirror, taa na redio. Kwa hayo unahitaji pa kuegesha pazuri na alama kwenye vioo.

Na hili lisome mara mbili: kama umewekewa bunduki, toa gari. Usicheze sinema. Mwizi ambaye gari imemzimikia mita chache mbele anaweza kurudi akiwa na hasira. Wakiuliza kuna swichi, waambie iko wapi. Ndai inanunuliwa, wewe haununuliwi. Hapo ndipo traka inafanya kazi yake, ukiwa umeshafika mahali salama. Lakini traka nayo hutegemea mtandao, na kuna wezi wenye vifaa vya kuziba mawimbi. Swichi kwanza, traka ya pili, kufuli ya usukani ya tatu. Kila moja inakula dakika za mwizi.

Insurance je? Kama una third party ile ya kawaida, gari ikiibiwa hulipwi kitu. Comprehensive ndiyo hulipa wizi, lakini soma masharti. Waambie umefunga kifaa na uweke risiti. Na kama gari bado ina waranti ama mkopo, uliza kabla ya kukata waya, isije wakatumia hiyo kama sababu ya kukuruka.

Ikiibiwa licha ya yote, nenda kituo cha polisi kilicho karibu mara moja, uandikishe na upate namba ya OB. Bila hiyo namba hakuna insurance itakusikiza. Uwe na namba ya injini na ya chasisi mahali pengine, si ndani ya gari. Kifungu cha 278A cha sheria ya makosa ya jinai kinampa mwizi wa gari hadi miaka 7 ndani. Lakini hiyo ni baada ya kushikwa, na wakati huo ndai yako inaweza kuwa ni milango minne kwa duka nne tofauti.

Jambo la mwisho, na ndilo huangusha wengi. Wiki ya kwanza utazima swichi kila ukishuka. Wiki ya tatu utasema "naingia tu dukani dakika mbili". Mwezi wa pili umeisahau kabisa, na sasa umebaki na pambo lililofichwa. Ifanye kama mkanda: unazima injini, unazima swichi, unatoa ufunguo, unashuka. Kila mara. Hata kwa hizo dakika mbili, juu hizo ndizo mwizi amekuwa akingoja.

Na yule beshte yako anayeacha gari ikinguruma nje ya kibanda akinunua smokie? Mtumie hii. Leo.